Kubadilisha rangi ya nguo katika picha ya dijitali

Kubadilisha rangi ya nguo katika picha ya dijitali ni kazi ya kuhariri picha ambapo vazi, au kitu kingine kilichomo, hupewa rangi tofauti na ile iliyonaswa na kamera, huku sehemu nyingine za picha zikibaki zilivyokuwa. Hufanywa kwa programu za kompyuta au za simu. Wanaoanza hudhani ni sawa na kupaka ukuta rangi. Kumbe matokeo mazuri hutegemea zaidi kile kisichoguswa, yaani mwanga na kivuli vilivyo juu ya kitambaa.

Historia

Tangu karne ya 19, picha za rangi nyeusi na nyeupe zilipakwa rangi kwa mkono. Mwaka 1978 Mmarekani Alvy Ray Smith alieleza mfumo wa kupanga rangi za kompyuta kwa vipimo vitatu: aina ya rangi, ukolezo wake na mwangaza wake. Programu ya Photoshop, iliyotungwa na ndugu wawili Thomas na John Knoll, ilianza kuuzwa mwaka 1990. GIMP, ambayo ni programu huria isiyo na malipo, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1996.

Rangi kama namba

Picha ya dijitali ni mkusanyiko wa nukta ndogo ziitwazo pikseli. Kwa kawaida kila pikseli huwa na namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Shati jekundu linaweza kuwa na 200, 40, 40 mahali penye mwanga, na 90, 18, 18 ndani ya mkunjo wenye kivuli. Mtu akipaka kijani kimoja juu ya shati lote, mikunjo hupotea na shati huonekana kama karatasi iliyobandikwa. Akibadilisha aina ya rangi peke yake, namba huwa 40, 200, 40 na 18, 90, 18: mkunjo umebaki, rangi imegeuka.

Hata hivyo, jicho la binadamu huona kijani kuwa na mwanga zaidi kuliko nyekundu. Kwa kanuni ya zamani ya televisheni, nyekundu huhesabiwa kwa 0.299, kijani kwa 0.587 na buluu kwa 0.114. Kwa hiyo shati lile lililokuwa na mwangaza wa takriban 88 sasa lina 134, na mhariri hulazimika kulififisha kidogo ili lilingane na mazingira yake.

Nguo nyeupe na nyeusi

Hapa ndipo wengi hukwama. Nguo nyeupe haina ukolezo, hivyo kugeuza aina ya rangi hakuleti badiliko lolote. Njia inayofaa ni kuweka tabaka la rangi juu yake na kuzidisha: namba ya picha huzidishwa kwa namba ya tabaka, kisha hugawanywa kwa 255. Palipo peupe kabisa hupata rangi yote, penye kivuli hupata kiasi.

Nguo nyeusi ni ngumu zaidi, kwa kuwa namba zake zote ziko karibu na 0. Ni lazima kwanza ing'arishwe, na kufanya hivyo huibua chengachenga zilizokuwa zimefichwa na giza. Faili ghafi la kamera, lenye biti 12 au 14, husaidia kwa sababu huhifadhi ngazi 4,096 au 16,384 za mwanga badala ya 256 za faili la kawaida la JPEG.

Kuchagua eneo

Kabla ya yote, nguo hutenganishwa na ngozi, nywele na mandhari. Shati la rangi moja huweza kuzungushiwa mstari. Kanga haikubali njia hiyo: pindo, mji na jina lake huchanganya rangi mbili au tatu, hivyo ni afadhali kuchagua kwa rangi, kisha kuondoa kwa mkono vitu vingine vyenye rangi hiyohiyo, kama midomo.

Matumizi na udanganyifu

Maduka ya mtandaoni hupiga picha ya fulana moja na kuionyesha katika rangi nyingi. Mnunuzi anaweza kupokea rangi isiyofanana na aliyoiona, kwani rangi ya skrini haikutoka kwenye kitambaa.

Katika habari jambo hili ni zito. Shabiki wa Simba aliyevaa nyekundu anaweza kugeuzwa wa Yanga kwa dakika chache, na vivyo hivyo sare ya chama cha siasa. Associated Press na Reuters hayaruhusu wapiga picha wao kubadilisha maudhui ya picha. Mara nyingi udanganyifu huo huacha alama: shati jekundu hutupa wekundu kidogo chini ya kidevu, na mhariri asiyekuwa makini huusahau hapo, au huusahau kwenye kioo kilicho nyuma.