Zanzidar: Makosa ya Chapa katika Stempu za Unguja, 1895

Stempu za kwanza zenye jina la Zanzibar zilitoka Novemba 1895, lakini hazikuchorwa kwa ajili ya Zanzibar. Zilikuwa stempu za India, zenye kichwa cha Malkia Victoria, zilizozoeleka Unguja kwa sababu posta ya huko ilikuwa tawi la posta ya India. Posta hiyo ilipokabidhiwa serikali ya himaya ya Uingereza, neno "Zanzibar" lilipigwa juu ya stempu hizo hapo hapo mjini, katika matbaa ya Zanzibar Gazette.

Ilikuwa kazi ya mkono. Mpanga herufi aliokota herufi za risasi moja moja na kuliunda neno lilelile mara nyingi, mara moja kwa kila stempu iliyokuwa kwenye karatasi. Herufi ya risasi huwa kinyume, kama maandishi yanayotazamwa kwenye kioo, na katika hali hiyo b na d huchanganya hata macho yaliyozoea. Huenda ndivyo ilivyozaliwa "Zanzidar". Ipo pia "Zanibar", iliyopoteza z moja, na "Zapzibar", ambamo p imekalia nafasi ya n.

Makosa haya yana thamani kubwa kuliko kichekesho chake. Herufi zikishafungwa katika fremu, kila karatasi inayopigwa chapa hupata kosa lilelile mahali palepale, mpaka mtu aligundue na kulirekebisha. Kwa hiyo mchunguzi anayetaka kujua mpangilio wa karatasi huanza na kosa kama alama ya njia: hushika lenzi, akatazama z yenye ncha iliyovunjika au a iliyoshuka kidogo chini ya mstari, kisha akatafuta stempu nyingine zenye dosari hiyo. Stempu mbili ambazo hazijachanwa humfaa kuliko moja safi, maana humwonyesha ipi ilikuwa jirani ya ipi kwenye karatasi.

Wino nao husaidia: chapa za mwanzo zilikuwa za buluu, zikafuata nyeusi. Stempu nyingine zilibadilishwa thamani kuwa anna (sarafu ya India) 2½, na tarakimu zake zilipangwa kwa maumbo zaidi ya moja.

Waghushi wameiga sana chapa hii, kwa kuwa stempu tupu ya India hupatikana kwa urahisi. "Zanzidar" ya kughushi hujulikana pale umbo la herufi zake na nafasi kati yake zinapokataa kulingana na zile za karatasi halisi.