Na, Au, Isipokuwa: Historia ya Kuchuja Data

Kabla ya sensa ya Marekani ya mwaka 1890, ofisi ya sensa iliwashindanisha watu watatu. Kila mmoja alipewa takwimu zilezile za sehemu ya jiji la St. Louis azijumlishe kwa njia yake. Wawili walihesabu kwa mikono wakitumia vipande vya karatasi, na mwepesi kati yao alitumia saa 44 na nusu. Wa tatu, mhandisi kijana aitwaye Herman Hollerith, alimaliza kwa saa 5 na nusu.

Kasi hiyo ndiyo inayosifiwa hadi leo. Lakini kwangu mimi, jambo kubwa alilolifanya Hollerith ni kuipa mashine uwezo wa kupokea sharti juu ya sharti. Kila mtu aliyehesabiwa alikuwa na kadi yake, na matundu kwenye kadi hiyo yalionyesha umri, jinsia, mahali alipozaliwa na mengineyo. Karani alishusha mkono wa mashine na sindano zikagusa kadi. Palipokuwa na tundu, sindano ilipita hadi kwenye kikombe cha zebaki, umeme ukapita, na mshale wa saa ya kuhesabia ukasogea hatua moja. Nyaya zikiunganishwa kwa mpango maalumu, saa moja iliweza kuhesabu wanaume tu waliozaliwa nje ya nchi, na kadi iliyokosa sharti hata moja haikuusogeza mshale. Hapo kichujio cha data chenye masharti mengi kilikuwa kimezaliwa, miongo kadhaa kabla ya kompyuta.

Mashine hiyo ilikuwa pia na kengele. Kadi ikisomwa vizuri, kengele ililia. Ikikaa kimya, karani alijua kuna kasoro, akaitoa kadi na kuikagua. Tutairudia kengele hii.

Udhaifu wa mashine hiyo ni kwamba swali lilifungwa ndani ya nyaya. Aliyetaka kuuliza jingine alimhitaji fundi. Mashine ya Hollerith ya mwaka 1906 ilileta ubao wa kuchomeka nyaya, hivyo swali likaweza kubadilishwa bila kuifumua mashine nzima. Kampuni yake iliunganishwa na nyingine mwaka 1911, na kuanzia 1924 ikaitwa IBM.

Hesabu ya masharti yenyewe ilikuwa imeshaandikwa. Mwaka 1854 George Boole, profesa wa hisabati mjini Cork, Ireland, alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba fikra za mantiki zinaweza kukokotolewa kama namba. Kutoka kwake tumerithi nguzo tatu zinazobeba kila kichujio cha programu za uchambuzi wa biashara: na, au, si.

Nguzo hizo zinaonekana nyepesi, na hapo ndipo watu wengi hunaswa. Meneja wa mauzo akimwambia msaidizi wake, "Niletee wateja wa Mwanza na Arusha," ataletewa orodha ya mikoa yote miwili. Kompyuta iliyopewa agizo hilohilo humtafuta mteja ambaye mkoa wake ni Mwanza na papo hapo ni Arusha, kisha hurudi mikono mitupu. Mchanganyiko wa masharti ni mgumu zaidi. Ukiagiza maduka ya Mombasa au Kisumu na yaliyouza zaidi ya shilingi 500,000, bila kuweka mabano, lugha nyingi za kompyuta hufunga "na" kwanza. Utapata maduka yote ya Mombasa, hata ambayo hayakuuza kitu, pamoja na yale ya Kisumu yaliyofikia kiwango. Ripoti itatoka safi, jumla zitapatana, na uamuzi utakaotokana nayo utakuwa na kasoro.

Bado ilibaki shida ya kumhitaji fundi. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyewahi kuwa rubani wa vita na baadaye mtafiti wa IBM huko California, alipendekeza data zote zipangwe katika majedwali, na mtumiaji aseme anachotaka bila kulazimika kujua kimehifadhiwa wapi wala kifikiwe kwa njia ipi. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce walitoa lugha ya kuuliza majedwali hayo, SEQUEL, ambayo sasa tunaiita SQL. Waliwalenga wahasibu, wahandisi na wapangaji wa miji. Lugha yao imeenea dunia nzima, lakini mikononi mwa wataalamu. Mhasibu aliendelea kupanga foleni kwenye mlango wa idara ya kompyuta.

Aliyemkaribia mhasibu huyo zaidi, kwa maoni yangu, ni Moshé Zloof, naye wa IBM, huko New York. Katikati ya miaka ya 1970 alibuni njia ya kuuliza kwa mfano: skrini inaonyesha jedwali tupu, nawe unajaza masharti chini ya safu husika. Masharti yaliyo kwenye mstari mmoja lazima yatimie yote, na yaliyo kwenye mistari tofauti yanatosha yakitimia ya mstari wowote. Hakuna mabano wala sarufi ya kukariri. Kichujio cha hali ya juu cha Excel (Advanced Filter) kinafuata kanuni hiyohiyo hadi leo, ingawa wengi wanaokitumia hawajalisikia jina la Zloof.

Mwaka 1992, katika Chuo Kikuu cha Maryland, Ben Shneiderman na wenzake walionyesha ramani ya Washington yenye nukta za nyumba zinazouzwa. Mtu aliburuta alama ya bei kwenye skrini, na nukta zikatoweka au kurudi papo hapo. Christopher Ahlberg, aliyefanya kazi naye, alianzisha Spotfire, kampuni ya programu za uchambuzi, mwaka 1996, na Tableau ikafuata mwaka 2003. Uzuri huo ulikuwa na gharama: alama zote za kuburuta huunganishwa kwa "na", hivyo swali la "ama hiki ama kile" linalovuka safu mbili likakosa mahali pa kukaa. Ndiyo maana programu nyingi zimeongeza visanduku vya masharti vinavyoweza kuwekwa kimoja ndani ya kingine, kila kimoja kikimtaka mtumiaji achague: yatimie yote, au lolote. Huo ni muundo mzuri, kwa sababu mabano yanaonekana kwa macho.

Limebaki tatizo la nafasi tupu. Ukichuja wateja "isipokuwa wa Dar es Salaam" kwa SQL, mteja ambaye mkoa wake haukujazwa huondolewa pia, kwani kompyuta haiwezi kuthibitisha kwamba si wa Dar. Anatoweka bila taarifa. Hapa naikumbuka kengele ya Hollerith: mwaka 1890 karani alijulishwa kadi isiposomwa, ilhali mchambuzi wa leo mara nyingi hajulishwi lolote.

Hasara ya nafasi tupu haiishii kwenye mauzo. Kenya iliisambaza nchi nzima DHIS2, mfumo wa takwimu za afya wenye makao Chuo Kikuu cha Oslo, mwaka 2011, na Tanzania pia inautumia. Vichujio vyake vinauliza mambo matatu: nini, wapi, lini. Zahanati ambayo haikutuma ripoti ya malaria haina sifuri, ina pengo, na anayelisoma pengo kama sifuri atapeleka dawa kwingine. DHIS2 ina hesabu ya vituo vilivyoripoti ikilinganishwa na vilivyotarajiwa, na huo ndio uungwana ninaoutaka katika kila programu ya biashara.

Nawaomba wabunifu wa mifumo yetu, Nairobi, Dar es Salaam na Kampala: kando ya kila matokeo onyesheni rekodi ngapi zimeachwa nje, na ngapi kati ya hizo zimeachwa kwa sababu hazikujazwa. Na wewe unayepokea ripoti mezani, usiitie sahihi kabla hujaziuliza namba hizo mbili.