Kilometa 54 za kukutana

Beni na Butembo ni kilometa karibu 54, kwa barabara ya taifa nambari 2. Siye tuliomaliza sekondari pamoja, ile barabara njo kikao chetu kinategemea. Zamani, mwisho wa mwaka, ulikuwa unapanda pikipiki ao taksi, unashuka kwa wenzako, munachekana mpaka usiku.

Oktoba 2014 mauaji yakaanza upande wa Beni. Tangu pale swali la kwanza si nani analeta kinywaji, ni: barabara iko namna gani leo?

Kisha tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ikatangazwa, kule Mangina. Fikiri mtu mliyeketi naye benchi moja miaka 6: munakutana, hakuna kupeana mkono, hakuna kukumbatiana. Kwenye bariyeri munashuka wote, munanawa maji ya klori, munapimwa joto, ndiyo gari inapita. Tukasalimiana kwa kiwiko, mbele ya dunia nzima kujifunza ile kwa sababu ya korona (tulikuwa waalimu wao!). Ikadumu mpaka 25 Juni 2020.

Mei 2021 serikali ikaweka utawala wa kijeshi. Kikao kikahamia mchana: saa sita tunakula, saa tisa wa Beni wanatafuta gari.

Wengine wanasema ni kupoteza feza. Mimi nakataa. Pale njo unajua nani ameacha kakao yake ikaozea shambani, nani anatafuta mbegu aanze upya Butembo. Mwaka jana tulihesabu majina kwanza. Halafu tukagawa chakula.