Jina kwa Hiari na Jina kwa Amri: Ngũgĩ, Mudimbe na Historia ya Kubadili Majina Ukubwani

Mtoto hupewa jina kabla hajaweza kulikubali wala kulikataa. Mtu mzima anayebadili jina lake hutangaza upya nafasi yake katika jamii, na huitaka jamii ilitambue tangazo hilo. Kwa mtazamo wa isimu, kutoa jina ni miongoni mwa matamko ambayo hayaelezi jambo bali hulitenda. J. L. Austin, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1962, alitumia mfano wa kuipa meli jina, akaonyesha kwamba tamko la aina hiyo hubatilika likitolewa na asiye na mamlaka. Je, jina la mtu mzima linapobadilishwa, mamlaka hayo ni ya nani? Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya na V. Y. Mudimbe wa Kongo waliacha majina yao ya ubatizo katika kipindi kimoja, miaka ya 1970, lakini njia walizopitia zinatoa majibu mawili tofauti.

Sheria ya Kenya ilirithi utaratibu wa Kiingereza. Katika utaratibu huo, mwenye jina huandika hati inayomfunga yeye peke yake: hulikana jina la zamani, hulitangaza jipya, na huwataka watu wote wamwite kwa hilo. Serikali husajili hati. Haimchagulii mtu jina. Katika mazingira hayo ya hiari, Ngũgĩ, aliyekuwa amechapisha riwaya zake za kwanza, ikiwemo A Grain of Wheat (1967), kwa jina la James Ngugi, alitoa mkusanyo wa insha wa Homecoming (1972) kwa jina jipya. Badiliko hilo halikuishia kwenye kufuta "James". Muundo wa "James Ngugi" ulilifanya jina lake mwenyewe likae mahali ambapo Wazungu huweka jina la ukoo. "Ngũgĩ wa Thiong'o" lilirejesha kiunganishi "wa", chenye upatanisho wa ngeli ya watu kama ilivyo katika Kiswahili, likamtaja mtu kwanza kisha baba yake. Kilichorejeshwa, basi, kilikuwa sarufi nzima ya nasaba.

Nchini Kongo mambo yalikwenda kinyume. Oktoba 1971 nchi iliitwa Zaire, na Januari 1972 Joseph-Désiré Mobutu akawa Mobutu Sese Seko. Kwa jina la siasa ya uhalisi, wananchi waliamriwa kuacha majina ya Kizungu. Kasisi ambaye angembatiza mtoto kwa jina kama hilo alitishiwa kifungo cha hadi miaka 5. Kardinali Joseph Malula, aliyepinga siasa hiyo, alilazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Sheria ya Julai 1973 ikaweka kanuni kwamba majina yatokane na urithi wa Zaire.

Hata hivyo, uhalisi huo wenyewe ulisimama juu ya maneno yaliyosafiri. "Zaire" ni matamshi ya Kireno ya neno la Kikongo lenye maana ya mto. Katanga nayo iliitwa Shaba, neno la Kiswahili lenye asili ya Kiarabu. Dola iliyodai majina yasiyo na doa la ugeni haikuweza kujipa jina la namna hiyo.

Mudimbe, aliyezaliwa mwaka 1941 katika mji ambao leo huitwa Likasi, alikuwa Valentin-Yves. Chini ya amri hiyo akawa Vumbi Yoka. Herufi za mwanzo hazikubadilika. Entre les eaux (1973) na The Invention of Africa (1988) zote zinabeba "V. Y. Mudimbe". Herufi hizo mbili zinaitii sheria bila kumlazimisha msomaji kujua ni jina lipi linalosimama nyuma yake. Jina la Ngũgĩ linatangaza uamuzi wa mwenyewe. La Mudimbe linatunza majina mawili kwa pamoja, lililokatazwa na lililoamriwa.

Mobutu alipotangaza mwisho wa mfumo wa chama kimoja, Aprili 1990, majina ya ubatizo yalirudi hadharani. Lakini majina ya 1972 nayo hayakutoweka. Mpaka leo raia wa Kongo hujaza katika fomu za serikali jina, jina la pili la asili na jina la ubatizo. Amri ilishindwa kufuta, ila ilifaulu kuongeza.

Waandishi hawa wawili walifariki mwaka 2025, Mudimbe mwezi Aprili na Ngũgĩ mwezi Mei. Majina yao sasa yamo mikononi mwa wahariri, wakutubi na watafiti. Orodha za marejeleo zinazoandika "Thiong'o, N. wa" zinamgeuza baba kuwa jina la ukoo, na hivyo kurudisha muundo uleule ambao mwandishi aliukana. Katalogi inayofuta "James Ngugi" katika toleo la 1967 nayo huficha kwamba badiliko lilitokea. Mwandishi huyo aingizwe chini ya herufi N, na jina lililochapishwa katika kila toleo libaki katika kumbukumbu ya toleo hilo. Mamlaka ya kujiita ni ya mwenye jina. Wajibu wa kulitunza kama alivyolitamka ni wa wanaomsoma.