Meta 30 Zinazoishia Kwenye Beseni

Mercedes Gleitze, karani wa kupiga taipu jijini London, aliogelea kutoka Ufaransa hadi Uingereza tarehe 7 Oktoba 1927. Alitumia saa 15 na dakika 15, akawa mwanamke wa kwanza Mwingereza kuuvuka mlangobahari ulio kati ya nchi hizo. Siku chache baadaye daktari mmoja, Dorothy Cochrane Logan, akadai naye kavuka, tena kwa muda mfupi zaidi, kisha akakiri kuwa alidanganya. Uongo huo ukamchafulia na Gleitze, maana watu wakaanza kuuliza kama yeye alivuka kweli. Akaamua kurudi majini tarehe 21 Oktoba, mbele ya mashahidi.

Hans Wilsdorf wa kampuni ya Rolex aliiona nafasi. Mwaka uliotangulia alikuwa ametoa saa aliyoiita Oyster, yaani chaza, na sasa akampa Gleitze moja aivae shingoni. Bahari ya Oktoba ilikuwa baridi mno. Baada ya zaidi ya saa kumi mama wa watu akaopolewa, nguvu zimemwishia, ng'ambo hajafika. Saa ilikuwa bado inakwenda. Tarehe 24 Novemba Rolex ikachukua ukurasa mzima wa mbele wa gazeti la Daily Mail kujisifu kwamba imeyashinda maji. Tangazo zuri halihitaji mwogeleaji afike.

Siri ilikuwa kwenye kile kifundo cha pembeni cha kutegea saa. Tundu lake ndilo lililokuwa mlango mkuu wa maji na vumbi. Waswisi wawili, Paul Perregaux na Georges Peret, walibuni kifundo kinachofungwa kwa kuzungushwa kama skrubu, na Wilsdorf akanunua haki za ubunifu huo. Wala hakuwa wa kwanza kupambana na maji: François Borgel wa Geneva alisajili kasha la saa la kufunga kwa skrubu mwaka 1891. Wilsdorf aliwazidi wenzake kwa kujua kuuza.

Baadaye yakaja mashindano ya kina. Mwaka 1953 Blancpain ilitoa Fifty Fathoms, yaani pima 50, kama meta 91, ikasaidiwa na wapiga mbizi wa jeshi la Ufaransa. Tarehe 23 Januari 1960 chombo Trieste, kikiwa na Jacques Piccard na Don Walsh ndani, kilishuka karibu meta 11,000 katika Bahari ya Pasifiki, na saa ya Rolex imefungwa kwa nje. Ilirudi ikiwa inafanya kazi. Kioo chake, hata hivyo, kilikuwa kimetengenezwa kimevimba kama jicho la chura. Hakuna mtu angeivaa kwenda ofisini.

Wakati huohuo saa za kawaida ziliandikwa kwamba hazipitishi maji, na wateja wakaamini. Miaka ya 1960 mamlaka ya biashara ya Marekani ikaikataza ahadi hiyo, kwa sababu hakuna saa isiyopitisha maji daima na kwa kina chochote. Tangu hapo watengenezaji husema saa “inastahimili” maji, na kando yake huweka namba: 30M, 50M, 3 BAR, 5 ATM.

Namba hiyo ndiyo inayotuponza. Meta 30 ni kipimo cha mgandamizo, sawa na baa 3, ambao saa mpya iliyotulia ilistahimili kiwandani. Kiwango cha kimataifa cha ISO 22810 kinaruhusu kupima sampuli tu, kwa hiyo huenda saa uliyoivaa haijawahi kuguswa na tone. Saa za wapiga mbizi zina sheria kali zaidi, ISO 6425: zianzie meta 100, na kila moja ipimwe kwa mgandamizo unaozidi namba yake kwa asilimia 25. Iliyoandikwa 200 imeonja 250.

Wengi hueleza kwamba saa ya meta 30 hufa kwenye bwawa kwa sababu mkono ukipiga maji, mgandamizo hupanda mno. Hesabu inakataa. Hata mkono ukienda meta 10 kwa sekunde, kasi ya mkimbiaji wa meta 100, unaongeza kama nusu baa, sawa na meta 5 za kina. Muuaji ni mpira mwembamba unaoziba mgongo wa saa na kifundo. Mpira huo huzeeka, hukauka, huliwa na sabuni, jasho na maji ya moto. Na anayevuta kifundo kurekebisha majira akiwa majini amefungua mlango mwenyewe.

Kwa hiyo saa ya meta 30 nawa nayo mikono, nyeshewa nayo, basi. Kwa kuogelea baharini tafuta 100. Na siku ya kubadilisha betri, mwambie fundi asirudishe mpira wa zamani. Aweke mpya, aupake grisi ya silikoni, na kama ana mashine ya mgandamizo aipime saa kabla hujamlipa.