Picha Kutoka Angani

Nilipoanza tasnifu yangu niliamini picha ya setilaiti haina upande. Mwaka 2001, Talisman ya Kanada, mbia katika mafuta ya Heglig, Sudan, ilitoa uchambuzi wa picha iliougharamia yenyewe: hakuna dalili ya watu kufukuzwa. Mwaka uliotangulia, ujumbe wa John Harker, uliotumwa na serikali ya Kanada, ulikuwa umewasikiliza waliokimbia, ukaandika kinyume chake.

Nani mwongo? Swali hilo lilinipotezea miezi. Nyumba za Wanuer na Wadinka ni za udongo na nyasi. Ikichomwa, msimu mmoja wa mvua unatosha kuificha. Tena wafugaji huhama kiangazi hata bila vita. Mahali patupu hapasemi nani aliondoka, wala kwa nini. Baadaye watafiti wengine, kwenye Kitalu 5A, walipima mashamba, wakaona kilimo kikipungua vita vilipopamba moto. Nikaifuta sura yangu ya pili yote.

Mwaka 2009 mahakama ya rufaa New York iliamua kuwa wadai hawakuthibitisha kwamba Talisman ilikusudia kusaidia uhalifu. Haikuamua kwamba watu hawakufukuzwa.