Neno "Rafiki": Asili na Maana Yake

Wapo wanaodai kuwa Kiswahili ni tawi la Kiarabu, na hoja wanayoitegemea sana ni wingi wa maneno ya mkopo. Historia ya neno "rafiki" yaonyesha upungufu wa hoja hiyo.

Hapana shaka kuwa neno hili asili yake ni Kiarabu. Latokana na "rafiq", lenye mzizi r-f-q, ambao hubeba maana za upole na za kuandamana. "Rafiq" ni mwandamani, hasa wa safarini. Nalo limo katika Kurani, sura ya An-Nisaa, aya ya 69. Kiswahili kiliipanua maana hiyo: mtu huwa na rafiki hata kama hawajapata kusafiri pamoja.

Sarufi, hata hivyo, yasimulia habari nyingine. Wingi wa "rafiq" katika Kiarabu ni "rufaqaa". Kiswahili hakikuuchukua, bali kiliunda "marafiki" kwa kiambishi chake chenyewe. Mwarabu alisikiapo huenda akadhani yatajwa "marafiq", yaani viwiko vya mikono, neno la mzizi uo huo litumikalo katika aya ya udhu (Al-Maida, 6). Vivyo hivyo "urafiki" umeundwa kwa u- ya Kibantu, ile ile ya "utu" na "udugu". Hata "suhuba", iliyokopwa ikiwa tayari jina la dhana, ilivishwa kiambishi hicho ikawa "usuhuba".

Upatanisho nao wathibitisha jambo hili. Husemwa "rafiki yangu mwema amefika": kivumishi na kitenzi hufuata ngeli ya M-WA, bali kimilikishi hufuata ngeli ya N, kama katika "ndugu yangu" na "shangazi yangu". Hii si dalili ya mapenzi, kwani husemwa pia "adui yangu" na "jirani yangu". Lakini husemwa "waziri wangu" na "karani wangu". Basi Kiswahili hutenga majina ya uhusiano na majina ya kazi, ijapokuwa yote ni ya mkopo. Tofauti hiyo haikutoka katika Kiarabu, ambacho hutumia kiambishi kimoja cha umilikaji kwa majina yote hayo.

Kwa hiyo anayehesabu mikopo huona mzizi peke yake. Uraia wa neno hutambulikana kwa viambishi lilivyovishwa na kwa jamii ya maneno lililopangwa nayo. Na kwa vipimo hivyo viwili, "rafiki" ni neno la Kiswahili.